Hema Tulilolifua Kisimani

Ndugu zangu wa Kiomboi, tangu turudi mmekuwa mkinisimamisha sokoni na nje ya kanisa mkitaka kujua ile safari yetu ya mazoezi ilikuwaje. Nimewajibu nusunusu: tulilala hemani, tulikula asali, gari halikutusumbua sana. Yote hayo ni kweli. Lakini mmeona Elia na Hamisi wameondoka kwenda Misri wawili tu, kiti changu kikapakiwa unga, na mimi bado nafundisha hesabu darasa la tano. Nimeona niandike yote mara moja, msome na kupokezana, kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Nikisimulia kwa mdomo nitajipendelea tena.

KIOMBOI

Elia mnamjua, fundi wa magari. Alipoinunua ile landrova kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, alianza kusema kwamba sasa tumejitawala, kwa nini kila anayepita Afrika nzima kwa gari awe mgeni? Mwafrika naye apite, aone ndugu zake wanavyoishi. Mpango ukawa kupita Kenya, Uganda, Sudan, mpaka Misri, tukilala njiani kwenye hema. Hamisi, karani wa bohari ya pamba, mtu wa Pangani aliyehamishiwa huku mwaka juzi, ndiye aliyekuwa na ramani na akili ya kuisoma. Kiti cha tatu kiligombewa na watu wanne.

"Hamisi ana ramani, mimi nina spana," Elia alisema. "Aliyebaki awe mtu anayejua pori."

Nikasema ni mimi. Nikasema nimezaliwa Unyaturu, baba yangu mfugaji, nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya ukubwani, nalala popote. Kuzaliwa Unyaturu ni kweli, na baba kufuga ni kweli. Kuchunga ni uongo. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka saba, na likizo zote nilikaa kwa mjomba wangu aliyekuwa mwalimu, ambaye mifugo yake ilikuwa kuku. Sikuwahi kulala nje hata siku moja. Ila nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na maneno yalinitoka kwa urahisi mpaka mwenyewe nikaanza kuyaamini.

Elia si mtu wa kukurupuka. Alisema kabla ya Misri twende kwanza siku chache, Kiomboi mpaka Itigi na kurudi, na asiyefaa atajulikana huko huko. Basi tukajiandaa. Hema tulilipata kwa wapima ardhi, limepungua nguzo moja. Turubai lilikuwa jipya, na Elia alilipenda kama mtoto wake, maana ndilo lingetukinga na mvua za Sudan. Unga wa uwele, dagaa, sukari, sufuria mbili, debe la mafuta ya taa. Mimi, mtaalamu wa pori, ndiye niliyeelekeza upakiaji. Debe la mafuta niliagiza lifungwe juu ya hema, ili lisitingishike. Mlisimama pale mkituimbia, nami nikawapungia mkono kama mtu ambaye ameshaiona Misri mara mbili.

KIOMBOI MPAKA SINGIDA

Njia ilikuwa mbaya na vumbi jingi, lakini tulifika Singida mjini jua likiwa bado juu. Tukapiga kambi kando ya ziwa Singidani. Neno kupiga kambi nalitumia kwa heshima tu. Hema lilitushinda saa nzima. Tuliposimamisha upande mmoja, mwingine ulilala. Akina mama waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni walitua mizigo yao ili watazame vizuri. Mmoja akatuuliza kama tumefukuzwa nyumbani. Mwishowe Hamisi akakata mti wa kuziba pengo la ile nguzo, hema likasimama likiinama kama mzee anayetafuta kitu kilichodondoka.

Nikasema nitapika chai, kwa sababu niliona sijafanya lolote la kuonyesha utaalamu. Nikateka maji ziwani, nikachemsha, nikatia majani na sukari nyingi. Elia alikunywa funda moja akatema. Chai ilikuwa ya chumvi.

Kila mtu mwenye akili mkoa huu anajua Singidani ni maji ya chumvi. Mimi nililisikia shuleni katika jiografia na kulisahau. Elia aliniuliza, "Nini hiki?" Nami bila kufikiri nikasema labda sufuria halikusuuzwa vizuri baada ya dagaa. Aliyeosha sufuria alikuwa Hamisi. Hamisi akasema, "Samahanini, ndugu zangu, nilikuwa na haraka," akaenda kuliosha upya, akaomba maji matamu kwa wale akina mama. Chai ya pili ilikuwa nzuri. Nilikunywa vikombe viwili, wala haikunisumbua kooni. Naliandika hili ili mjue kwamba lile la mbele halikunijia kwa bahati mbaya.

SINGIDA MPAKA NG'AMBO YA IKUNGI

Kesho yake tulishika njia ya Manyoni. Tulipopita Ikungi kidogo tu, gurudumu la nyuma likatoka upepo, na la akiba tukakuta lina tundu. Elia akayafungua yote mawili, akapata baiskeli ya mtu ya kuyabeba, akarudi Ikungi kuyaziba. Tukabaki Hamisi na mimi. Tulipofungua mizigo ili tupate kivuli, harufu ikatupiga usoni. Debe lilikuwa limetoboka kwa kusuguana njia nzima, na mafuta ya taa yote yalikuwa yameingia kwenye hema. Turubai lilinusurika kwa sababu Elia alilikalia.

"Tukilala humo tutaungua," Hamisi alisema. "Lazima tulifue. Hapa maji yako wapi, mtaalamu?"

Nikaona boma dogo la miiba bondeni, nikamwambia hicho ni kisima. Sikukosea. Ndani ya boma kulikuwa na kisima kirefu chenye ngazi za udongo, na kando yake birika la kunyweshea ng'ombe, la udongo wa kichuguu uliofinyangwa ukakauka, refu kama mtumbwi, limejaa maji pomoni. Mlango wa boma ulizibwa kwa tawi kubwa la mwiba.

Hamisi akasimama. "Ndugu, hili si la mtu? Mbona wameziba?"

Ninyi wafugaji mnajua jibu. Tawi likilazwa mlangoni maana yake maji yale yametekwa, yana mwenyewe, na mwenyewe ameenda kuleta ng'ombe. Hata mtoto wa miaka mitano wa kwetu halisogezi. Mimi sikujua. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi tu. Badala yake nikasema, "Huo ni upepo tu umelisukuma. Maji ya birika ni ya kila mpita njia, ndiyo desturi ya kwetu." Nikalivuta lile tawi mwenyewe, nikalitupa pembeni.

Tukalitumbukiza hema birikani pamoja na kipande cha sabuni, tukalikanyagakanyaga kwa miguu. Hamisi aliimba. Maji yakageuka meupe kwa povu, na juu yakatanda yale marangi ya mafuta. Tulikuwa tukilikamua tuliposikia kengele za ng'ombe.

KISIMANI

Ng'ombe walikuwa kama arobaini, na nyuma yao mama mmoja wa makamo na binti yake. Baadaye nilijua anaitwa Mama Salome, mjane. Ilikuwa kiangazi, na kwenye visima vile watu hunywesha kwa zamu, siku moja ng'ombe wako wanakunywa, siku ya pili wanalala na kiu. Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Yeye na Salome walikuwa wameteka tangu alfajiri kwa vibuyu, kibuyu baada ya kibuyu, mpaka birika likajaa.

Ng'ombe wa mbele walikimbilia maji. Dume kubwa likainamisha kichwa, likanusa, likapiga chafya na kurudi nyuma. Wengine wakaja, wakanusa, wakarudi. Wakaanza kulia. Sijawahi kusikia ng'ombe arobaini wakililia maji yaliyo mbele yao, na sitaki kusikia tena.

Mama Salome hakupiga kelele. Alichovya kidole, akakinusa, akatazama tawi lililotupwa, kisha akatutazama sisi tuliosimama na hema linalochuruzika. Akauliza kwa Kinyaturu, "Nani ametoa mwiba?"

Nikamwamkia kwa Kinyaturu. Hilo lilimshangaza.

"Wewe ni wa wapi, unasema kama sisi?"

"Ni wa huku huku, mama. Nimekaa sana shuleni."

"Basi unajua mwiba ni nini."

Hapo ndipo mahali penyewe. Nikisema sijui, nimeaibika mbele ya mama wa kabila langu, mtoto wa mfugaji asiyejua mwiba. Nikisema najua, nimekuwa mhalifu. Na Elia akirudi akasikia, kiti changu cha Misri kimekwenda. Hamisi alikuwa ameinama kwa adabu akisema, "Shikamoo, mama," bila kuelewa hata neno moja la tuliyokuwa tukisema.

"Najua, mama," nikajibu. "Nilimkataza. Lakini huyu ni mtu wa pwani, kwao hakuna ng'ombe, na ni mbishi. Alinishinda."

Mama Salome akamtazama Hamisi. Akasema, "Aliyeharibu ndiye anayeshuka. Mwambie ashuke kisimani ateke mpaka ng'ombe wangu wanywe. Birika lenyewe limekwisha, udongo umekunywa mafuta, itabidi livunjwe. Mtakingia nini?"

Nikamgeukia Hamisi. "Mama anasema tumekosea kidogo. Anaomba umsaidie kuteka upya, maana wewe una mikono mirefu."

"Kuomba tena?" Hamisi akasema. "Ni haki yake kabisa. Na tumtandikie lile turubai, tuchimbe shimo, turubai litashika maji." Wazo la turubai lilikuwa lake. Nililitafsiri kama langu.

Akavua viatu, akashuka. Chini kule ni matope na baridi, na maji hayajai, yanachuruzika polepole, unayasubiri na kuyakwangua kwa kibuyu. Hamisi chini, Salome katikati kwenye ngazi, mama juu akimimina. Mimi nilichimba shimo, nikatandika turubai, kisha nikaambiwa niwazuie ng'ombe waje kwa makundi. Niliwapungia mikono kama ninavyofanya kwa watoto mstarini. Wakanipita. Mama Salome akaja akapiga mluzi mmoja wakasimama. Alinitazama, akarudi kumimina maji.

Ng'ombe wa mwisho alikunywa jua linashuka. Wenye zamu ya jioni walikuwa wameshafika na kusubiri, wakiwa wameelezwa habari yote, wakimtazama yule mtu wa pwani akipanda kutoka kisimani. Alikuwa matope mpaka kifuani, na viganja vyake vimechubuka. Alikuwa anacheka. Mama Salome akampa kibuyu cha maziwa mgando, akaniambia, "Mwambie nimemsamehe. Ubishi wake umekwisha leo."

"Anasema asante sana," nilimtafsiria Hamisi.

Elia alipokuja na magurudumu nilimweleza kwamba hema lilitaka kutuletea balaa, lakini nimezungumza na wenyeji kwa lugha yao na mambo yamekwisha, ila turubai tumewaazima mpaka tutakaporudi, kwa sababu birika jipya lilihitaji siku za kukauka. Elia alisikitikia turubai, lakini akanipiga bega. "Bila wewe tungepigwa," alisema. Hamisi akaitikia kwamba ni kweli.

ITIGI

Itigi tulipiga kambi pembeni ya mji, vile vichaka vimetuzunguka vimeshonana mpaka huoni hatua tano mbele. Siku hiyo hema lilisimama kwa jaribio la kwanza, lingali na harufu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda kwa mama lishe mmoja karibu na stesheni, tukanunua asali iliyotolewa siku ile ile, bado na masega. Treni ilipokuja watu wote waliacha walichokuwa wakifanya, nasi tukaacha.

Hamisi alikuwa na hadithi moja tu. Kila tuliyekaa naye alimweleza jinsi mama mmoja wa Kinyaturu, ambaye hawajuani, alivyomwamini ashuke kisimani mwake, akampa na maziwa. "Mimi mgeni kabisa," alikuwa akisema, huku akionyesha viganja vyake kama mtu anayeonyesha zawadi. "Ndiyo ujamaa wenyewe huo, si wa kwenye hotuba." Mzee mmoja wa reli akamwambia amepata bahati, Wanyaturu hawamruhusu mtu visima vyao ovyo. Hamisi akanigeukia kwa furaha: "Unasikia, ndugu?"

Nilisikia. Asali ilinishinda. Nilisema jino linaniuma.

Hapo hapo Elia akatangaza kwamba ameridhika. Gari zima, watu wazima, kila mmoja na kazi yake, baada ya wiki mbili tunaondoka. Nilingoja furaha inijie, kwa maana ndiyo niliyokuwa nimeidanganyia. Haikuja. Nilichofikiria ni turubai tu, na jinsi ya kupita Ikungi bila kusimama.

KURUDI

Nilijaribu. Nilimwambia Elia turubai tuwaachie, ni maskini, tutanunua jingine. Akaniuliza nitalinunua duka gani, na kwa nini ghafla nimekuwa mkarimu kwa mali yake. Tukasimama.

Birika jipya lilikuwa limeshafinyangwa, limefunikwa kwa matawi likauke taratibu. Ng'ombe hawakuwapo. Alikuwapo Mama Salome, na pamoja naye shemeji yake, Mzee Ntandu, mjumbe wa nyumba kumi, mtu aliyewahi kufanya kazi mashamba ya mkonge Tanga. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilipomsikia akiitikia shikamoo za Elia na Hamisi na kuwauliza za safari, nilijua sina tena cha kutafsiri.

Alikuwa amelikunja turubai vizuri na kulifunga kamba. Alimpa Elia, kisha akamgeukia Hamisi.

"Ndiye wewe wa pwani?"

"Ndiye, mzee."

"Shemeji yangu ameniambia mambo yako. Kwamba mwenzako huyu alikukataza usitoe mwiba, akakueleza maji yana mwenyewe, wewe ukambishia ukautoa kwa nguvu. Ni kweli?"

Hamisi aligeuka. Alinitazama. Nimejaribu mara kadhaa kueleza hapa jinsi alivyonitazama, nikafuta. Hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejumlisha hesabu ndefu, anafika mwisho, anaona jibu, anarudia tena kuhakikisha. Viganja vyake vilikuwa bado vina magamba. Aliviangalia, akaviteremsha pembeni.

Elia naye alikuwa ananitazama. Mzee Ntandu alikuwa anasubiri. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo kabisa.

"Ni kweli, mzee," Hamisi akasema. "Alinikataza. Kosa ni langu, nisameheni."

Mzee Ntandu akafurahi, akamtafsiria shemeji yake. Mama Salome akasema basi, imekwisha, waliokosana wale pamoja. Salome akaleta ugali na maziwa, tukanawa, tukakaa wote kuzunguka sahani moja. Mzee akanisifu kwa kuwa nimesoma na bado sijasahau desturi za kwetu. Nilikata tonge, nikachovya, nikameza. Hamisi alikuwa mkono wangu wa kulia, na maziwa yalipoletwa karibu yake akanisogezea mimi nianze.

Njiani Elia aliendesha, Hamisi katikati, mimi mlangoni. Nilingoja aseme. Nilitaka aniseme, anitukane, angalau asogee tusigusane mabega. Alikuwa anaisoma ramani ya Sudan. Tulipofika Singida alimuuliza Elia kama kamba za hema zitatosha. Akaniuliza na mimi kama jino limepoa.

Siku tuliyofika nilimwambia Elia kwamba siendi. Alikasirika, akataka sababu, nikasema mambo ya nyumbani. Hakuridhika, akaenda kwa Hamisi kumuuliza nina nini. Hapo Hamisi akamwambia, na baadaye akawaambia ninyi nyote mmoja mmoja, kwamba nina malaria mbaya, imenishika tangu Itigi ndiyo maana sikula asali, na daktari amenikataza safari ndefu. Alilisema vizuri, mpaka Elia akaja kuniomba radhi kwa kunigombeza.

Nanyi mkaja. Mlijaa chumbani kwangu, mkanikuta nimekaa kitandani mzima wa afya, mkadhani najikaza. Mchungaji aliniombea. Wake zenu walileta uji wa ulezi na machungwa, na mama mmoja akanikandamiza paji la uso akasema kweli lina moto. Lilikuwa na moto wa aibu. Sikumkatalia mtu. Siku tatu nililala mchana mkipishana mlangoni, nikanywa uji wote, nikala machungwa yote, na siku gari lilipopiga honi kuaga, nilijifunika blanketi.